Waranti ya gari la kifahari lililotumika: imenilinda mimi au imemlinda aliyeniuzia?

Nianze na yule kijana wa kaunta pale kwa muuzaji wa gari langu, maana ndiye aliyenifanya nikae niandike haya.

Gari ni langu. Jina kwenye logibuku ni langu, na pesa zimetoka kwenye akaunti yangu. Mdogo wangu wa kiume alinisindikiza tu siku ile, kwa kuwa gari lilikuwa limeharibika giaboksi, likafikishwa pale limekokotwa na mimi nilihitaji wa kunirudisha nyumbani. Lakini kila nilipouliza swali, kijana alimjibu mdogo wangu. Nikauliza giaboksi itafunguliwa lini. Akamgeukia yeye na kumweleza habari za foleni ya mafundi. Nikauliza nani analipa. Akamwambia yeye kwamba hayo ni mambo ya watu wa waranti. Mdogo wangu akavumilia weee, mwisho akamwambia, "Mjibu dada. Gari si langu." Ndipo kijana akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na maneno aliyonipa ni haya: ukitaka gari la aina hii, uwe tayari kwa gharama zake.

Nilikuwa tayari kwa gharama. Ndiyo maana nilinunua waranti yao!

Naishi Leicester, Uingereza. Gari ni la michezo, la Kijerumani, lina milango miwili, na nililinunua likiwa na miaka tisa. Sikukurupuka. Porsche 911 za toleo la 996 niliziruka kwa sababu ya ile beringi ya shafti ya kati, iliyo ndani ya injini, ambayo ikisagika huweza kuondoka na injini nzima; kesi yake ilifika mahakamani Marekani na ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2013. BMW M3 ya V8 (injini ya silinda nane) niliiacha kwa ajili ya beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ambazo wamiliki wengi hubadilisha mapema kabla hazijawatia hasara. Hili nililochagua lilikuwa na kumbukumbu zote za sevisi, mihuri imejaa kitabu kizima. Muuzaji akaniambia nikiongeza pauni 900 napata waranti "kamili" na nitalala usingizi.

Haikupita miezi mitatu. Nilikuwa barabara ya M1 usiku, mvua inanyesha, nipo njia ya katikati. Dashibodi ikaandika hitilafu ya gia, na hapo hapo injini ikanguruma bure: nakanyaga mafuta, mshale unapanda, gari haliendi. Giaboksi ilikuwa imejiweka nyutro yenyewe. Nyuma yangu lori linapiga honi na taa zake zimejaa kwenye kioo changu. Nilifika pembeni kwa mwendo uliobaki tu, namshukuru Mungu.

Giaboksi ni hizi za klachi mbili. Karakana ya wakala wa kampuni iliyounda gari ikaunganisha kompyuta, ikasema dawa ni kubadilisha giaboksi yote: pauni 13,000 na ushei. Nikawapigia watu wa waranti.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoendeshwa. Bwana aliyepokea simu aliniita kwa jina langu la kwanza kana kwamba tumekua pamoja, akaniambia giaboksi ifunguliwe kwanza ili wajue kilichoharibika. Nani analipa kufungua? Wewe. Wakikuta ni uchakavu? Hatulipi, na pesa ya kufungua hurudishiwi. Wakikuta si uchakavu? Tunalipa, lakini mwisho ni pauni 1,500 kwa dai moja, na ufundi tunalipa pauni 60 kwa saa. Karakana ya wakala ilikuwa ikitoza zaidi ya mara mbili ya hapo! Nikamuuliza, kwa gari la bei hii, hiyo 1,500 inatengeneza nini? Akajibu, "Gari lina miaka tisa, ulitegemea nini?"

Siku waliyopokea pauni 900 zangu umri wa gari waliujua. Umeandikwa kwenye karatasi yao wenyewe, juu kabisa, karibu na namba ya gari. Umri haukuwazuia kuuza; umewazuia kulipa. Hilo neno "uchakavu" ndilo mlango wao wa kutokea. Kitu gani ndani ya gari la miaka tisa hakijachakaa? Kwa maana yao, hata usukani umechakaa.

Nikarudi kwa muuzaji, akanirudisha kwa waranti. Waranti wakanirudisha kwa muuzaji. Nikapigwa danadana hivyo wiki kadhaa, gari limekaa uani kwao linanyeshewa, na mimi naendelea kulipa bima yake.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu kazini. Hapa Uingereza kuna sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015. Ukinunua gari kwa mfanyabiashara, siku 30 za mwanzo likiwa na kasoro unaweza kulirudisha na kudai pesa yako. Baada ya hapo, hadi miezi sita, kasoro ikijitokeza inahesabiwa kwamba ilikuwepo tangu ulipokabidhiwa gari, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya muuzaji. Anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, unaweza kulirudisha au kudai upunguziwe bei. Waranti haifuti hata herufi moja ya haki hizo. Pale dukani hakuna aliyenitajia sheria hiyo. Kila nilichouliza nilielekezwa kwenye waranti, kwa sababu kila siku ninayopoteza kubishana na waranti inanisogeza kwenye mwisho wa ile miezi sita.

Niliandika barua. Arubuni nilikuwa nimeilipa kwa kadi ya mkopo, na bei ya gari ilikuwa chini ya pauni 30,000, kwa hiyo sheria ya mikopo, kifungu cha 75, inaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa dai lote, hata kama kadi ililipa arubuni peke yake. Benki ilipomwandikia, muuzaji akapata adabu ghafla.

Gari likapelekwa kwa fundi wa kujitegemea anayeshughulika na giaboksi hizi tu. Mzee wa watu akanionyesha kilichokufa: sensa, kipande cha plastiki na waya, kinaenea kiganjani. Gia zenyewe nzima, klachi nzima. Bili yote haikufika pauni 2,500, na muuzaji akalipa. Na wale wa karakana ya wakala walitaka 13,000!

Ndugu zangu wa Mombasa na Nairobi mnaoagiza magari kutoka huku, karatasi hizi za waranti kwa kawaida zinaishia hapa hapa. Gari likipakiwa melini mnabaki na spea na fundi wenu. Na kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, mtauziwa lililo karibu kabisa na umri huo, umri ambao hawa jamaa wanauita uchakavu. Pesa ya waranti iwekeni akibani, mumlipe mtu alikague gari kabla halijapakiwa.

Gari lenyewe nalipenda, siwezi kusema uongo. Likikata kona linanipa raha ambayo sijaipata kwenye gari lingine, na nilisema nitampa yeyote anayeuliza moyo wa kununua. Siku hizi nasita. Giaboksi imepona, ila nikiingia M1 usiku mkono wangu unatafuta swichi ya taa za dharura wenyewe.

Waranti nawapa nyota moja kwa kuwa sifuri haipo. Muuzaji nilitaka kumpa tatu, maana mwishowe alilipa bili yote. Lakini alilipa baada ya benki kumkaba, na kuhusu yule kijana wake hajaniambia hata pole. Naye moja.