Uzoefu wangu: mafunzo ya vitendo ya kutunza pampu za kiwandani, Malindi

Kama wewe ni fundi wa pampu upande huu wa Malindi hadi Gongoni na Marereni, na unajiuliza kama mafunzo haya yanafaa kulipiwa, jibu langu ni ndiyo. Yana upungufu wake, nitausema, lakini kama yangefanyika tena mwezi ujao ningempeleka kijana wangu wa karakana.

Mimi nafanya matengenezo kwenye kiwanda cha chumvi. Kwetu pampu ndiyo kila kitu. Bahari ikijaa hori (mkono wa bahari uingiao nchi kavu) wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, ndipo tunapoyapandisha maji kwenye mabwawa ya kwanza, kisha yanahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, mpaka yakolee ya kugandisha chumvi. Pampu ikifa siku za bamvua hasara haingoji. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, yakiingia, hori linabaki tope, na wewe unakaa kungojea mwezi uandame au upevuke. Kwa hiyo fundi anayesifiwa huku ni yule anayebadilisha beringi usiku na kukipambazuka pampu inavuta. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mafunzo haya yana swali jingine, na waliliuliza kwa kila kipande kilichovunjika kilichowekwa mezani: beringi hii imekufa kwa sababu gani kabla ya wakati wake?

Tulikutana kwenye karakana iliyokodiwa mjini, wakufunzi wawili kutoka Mombasa, na sisi mchanganyiko: mafundi wa hoteli, wa maji ya mji, wa mashamba ya umwagiliaji ya kando ya mto Sabaki, na sisi wa chumvi. Kila meza ilikuwa na pampu na mota zilizofungwa kwenye fremu ya chuma. Asubuhi maelezo, baada ya hapo spana mkononi mpaka jioni.

Somo lililonikaa zaidi ni la alaimenti, kuiweka shafti ya mota na ya pampu kwenye mstari mmoja. Karibu sote tulizoea kuweka rula ya chuma juu ya kaplingi, kiungo cha shafti hizo mbili, kuchungulia mwanga, na kukaza bolti. Mwalimu hakubishana na mtu. Aliliacha kila kundi lipange mota yake kwa rula mpaka liridhike, halafu akafunga daili geji, kipimo cha sindano kinachoonyesha mikengeuko midogo sana, na kuizungusha shafti polepole kwa mkono. Kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika tulitakiwa tuwe chini ya milimita 0.1, na jicho haliwezi kukipima kiasi hicho kwa rula. Akatuambia tulegeze bolti za miguu ya mota, mmoja baada ya mwingine, sindano ikiwa mahali pake. Kwenye meza yetu mguu mmoja ulipolegezwa mota ikainuka. Maana yake mguu ule ulikuwa haujakaa sawasawa kwenye fremu, na bolti ilipokazwa ilikuwa inaipinda mota yenyewe. Dawa yake ni shimu, kibati chembamba cha chuma kisichoshika kutu cha kujazia chini ya mguu. Kuongeza bomba kwenye spana ili ukaze zaidi kunazidisha ugonjwa.

Kisha likaja la bomba. Makundi yote yakiwa yamepata alaimenti nzuri, wakaleta bomba la kutolea maji lililokatwa fupi kidogo, wakasema tulivute kwa bolti mpaka likutane na flenji ya pampu, ule mdomo wenye matundu ya bolti. Tukalivuta, kama inavyofanyika kila siku kazini. Sindano ikahama, na kazi ya mchana mzima ikawa imepotea pale pale. Mzee mmoja, fundi wa hoteli wa miaka mingi, akasema, "Mwalimu, basi pampu zangu zote zimepindwa na bomba." Akajibiwa kwa upole, "Baadhi yake, mzee wangu. Fungua bolti za flenji uone kama bomba linaruka." Bomba likiruka pembeni, ujue pampu ilikuwa imebeba mzigo usio wake. Na mzigo huo una bei: beringi ya gololi ikibebeshwa mara mbili, umri wake unashuka hadi sehemu moja ya nane. Hesabu hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini beringi nzuri ya bei ghali inaweza kufa upesi sawa na ya bandia.

Mambo ya chumvi hayakuwemo kwenye ratiba. Mifano yao yote ilikuwa ya maji matamu na mafuta, na tuliotoka kwenye mabwawa tukayaleta wenyewe. Hapa nawapa sifa walimu, hawakukwepa. Lalamiko letu lilikuwa la siku nyingi: pampu ile ile na mota ile ile ikivuta maji ya bahari haina taabu, ikihamishiwa mabwawa ya mwisho mota inachemka na swichi inakata. Mwalimu akaandika ubaoni. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Maji ya chumvi yaliyokolea mpaka karibu kuganda yanafika kilo 1.2. Pampu inayapandisha kimo kile kile na lita zile zile, lakini kila lita ni nzito zaidi, hivyo mota inahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 17 kuliko kwenye maji ya bahari, na kwa asilimia 20 kuliko jedwali la dukani, ambalo hutengenezwa kwa maji matamu. Ikiwa mota ilichaguliwa kwa kubana, kuipeleka kwa fundi wa kukoili, wa kuisuka upya nyaya zake, kila msimu hakutibu kitu. Nilitamani wakubwa wetu wa ununuzi wangekuwa wamekaa pale waisikie.

Wakaeleza pia kwamba jasi hutangulia kuganda kabla ya chumvi yenyewe, na ndiyo ule ukoko mweupe mgumu tunaougonga kwa patasi ndani ya impela, lile gurudumu la pampu linalosukuma maji. Ukoko ukizidi upande mmoja, impela inakosa mizani, mtetemo unaanza, na tunaanza kuilaumu beringi.

Sili, kile kinachozuia maji yasivuje pale shafti inapoingia kwenye pampu, nayo ilipata muda wa kutosha. Walitupa sili zilizokufa tuzichunguze kwa miwani ya kukuza. Ndani kuna nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ngumu zaidi, na kati yake utando mwembamba mno wa maji unaozipoza. Ndiyo sababu pampu ikizunguka kavu, hata kwa muda mfupi, sili inakwisha. Kwenye maji ya mabwawa kuna adui mwingine: utando ule ukifika upande wa nje unakauka, unaacha punje za chumvi, na punje zinachanja nyuso. Walipendekeza kupitisha maji matamu kidogo nyuma ya sili, na kuisuuza pampu kwa maji matamu kila inaposimamishwa. Ushauri mzuri, ila maji matamu huku si ya kuchezea. Ya mji wa Malindi yenyewe yanatoka Baricho, kwenye visima vya ukingo wa Sabaki, na husukumwa kwa pampu kutoka huko. Tulipolisema hilo, wakarudi kwenye gilandi ya kamba, yaani kamba zinazoshindiliwa kuizunguka shafti, kwa pampu zisizo na haja ya sili, kwa sharti moja: gilandi lazima idondoshe maji kidogo. Wengi hukaza mpaka tone lisitoke wakiona ndiyo usafi, kamba inakauka, inaungua, na kuichimba shafti.

Jambo moja dogo lenye faida kubwa kwetu: pampu ya kawaida ya impela huwashwa vali ya kutolea ikiwa imefungwa, maana hapo mota ina mzigo mdogo kuliko wote. Ya pangaboi, inayosukuma maji kwa mapanga kama ya feni, kama zile za kupandisha maji ya hori, ni kinyume kabisa. Vali ikifungwa ndipo inapokula umeme mwingi.

Upungufu sasa. Walimu walifundisha kwa Kiswahili safi, lakini vitabu tulivyopewa vyote ni vya Kiingereza, vimejaa grafu, na mafundi wazuri kuliko mimi hawakuvifungua tena. Hilo linaniuma, kwa sababu mtu anayeshika pampu saa nane za usiku ndiye anayehitaji kitabu. Kipimo cha mtetemo kilikuwa kimoja kwa darasa zima, wengine walikigusa tu. Somo la grisi liliharakishwa jioni ya mwisho, ilhali beringi nyingi huku hushindiliwa grisi mpaka zinachemka. Chakula na ukumbi havina lawama. Cheti ni cha kuhudhuria tu, si gredi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani; waliofika wakitarajia kupanda cheo kwa karatasi ile walisikitika, na ni haki waambiwe mapema.

Ada inakaribia mshahara wa mwezi wa fundi, kwa hivyo ni bora mwajiri alipe, tena awapeleke watu wawili: fundi na yule anayetia saini za ununuzi. Mimi nilirudi peke yangu, na kupata daili geji moja ya karakana kulichukua maneno mengi. Ilipopatikana tukaipanga upya pampu ya bwawa la mwisho, tukalikata bomba lake na kuliunga bila kulivuta, tukaifunga mota kubwa zaidi. Imevuka Kaskazi nzima na sili ile ile.

Ukienda, beba beringi au sili iliyokufa kwako, picha ya kibao cha mota, na kipimo cha urefu kutoka pampu hadi usawa wa maji yakiwa yamekupwa kabisa. Walimu hawa hujibu vizuri zaidi wakiwa wameshika kitu. Na kabla ya kulipa, uliza meza moja ni ya watu wangapi. Wakisema zaidi ya wanne, ngoja awamu nyingine.