Uzoefu wangu na DNS ya 1.1.1.1: inapofaa na inaposumbua

Huduma hii ya DNS kutoka Cloudflare, kampuni ya miundombinu ya intaneti, ni ya bure tangu 2018, na naitumia kwenye ruta ya nyumbani na kwenye simu. Wanaoisifu kwamba inaongeza kasi ya bando wanadanganya watu. DNS inatafuta anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) ya jina la tovuti uliloandika, basi. Faili la MB 500 likishaanza kushuka, yenyewe imemaliza kazi. Kinachopungua ni kusubiri kabla ukurasa haujaanza kufunguka, tena kama DNS ya mtandao wako ilikuwa nzito.

Pima kwanza. Kwenye Linux au Mac fungua terminal, andika dig wikipedia.org @1.1.1.1, usome Query time (muda wa kupata jibu), kisha rudia kwa anwani ya DNS uliyopewa na mtandao wako. Tofauti ikiwa milisekunde 5, usijisumbue.

Kwenye ruta, ingia mipangilio ya DHCP (inayogawia vifaa anwani na DNS), weka 1.1.1.1 na ya akiba 1.0.0.1, halafu zima na kuwasha WiFi ya kila kifaa ili kichukue mipangilio mipya. Wengi hukwama kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP: mtandao ukiwa nayo, simu inaweza kuendelea kuuliza DNS ya zamani kwa njia hiyo, wewe ukidhani umeshabadilisha. Weka pia 2606:4700:4700::1111, anwani ya IPv6 ya huduma hii.

Lakini hapo maswali ya DNS bado yanapita wazi kupitia bandari (port, mlango wa mawasiliano) ya 53, na anayesimamia mtandao anayasoma. Usiri unaupata kwenye Android 9 na kuendelea: Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha, kisha andika one.one.one.one. Usiandike namba, haitakubali. Maswali sasa yanasimbwa (yanafichwa kwa msimbo) na kupita bandari ya 853. Hata hivyo mtoa huduma bado anaona IP unazozitembelea, kwa hiyo usiichukulie kama VPN, ambayo huficha hata hizo.

Usumbufu wake uko kwenye WiFi za hoteli na viwanja vya ndege. Ukurasa wa kuingiza namba ya chumba hauji, kwa sababu mtandao ule unategemea DNS yake kukupeleka huko, nayo bandari ya 853 mara nyingi imefungwa. Alama ya WiFi imejaa, intaneti hakuna. Rudisha DNS ya Faragha kwenye Otomatiki, ingia, kisha uiwashe tena.

Video nayo iangalie. 1.1.1.1 haiwaambii wenye tovuti sehemu ya IP yako, jambo zuri kwa faragha, ila unaweza kupelekwa kwenye seva ya mbali ilhali mtandao wako una nakala jirani. YouTube ikianza kukwama baada ya mabadiliko, jaribu 8.8.8.8, DNS ya Google, ambayo huipeleka taarifa hiyo.

Nyumba yenye watoto iweke 1.1.1.3 na 1.0.0.3, nazo za Cloudflare: zinazuia programu hasidi na tovuti za ngono. Mtoto anayejua kuwasha VPN atapita tu.