Usajili wa vifaa vya kadi kwa Sh1,000 kwa mwezi: upi ulipie ukiwa Kisumu au Nakuru

Karatasi ni nzito. Rimu moja (karatasi 500) ya A4 ya gramu 80, yaani uzito wa kila mita mraba, ile ya kawaida ya saiba, ina kilo 2.5, na karatasi ngumu ya kadi ya gramu 240 huwa mara tatu ya hapo kwa idadi ileile. Anayekuuzia usajili, yaani kasha la vifaa unalolipia kila mwezi, hakutajii jambo hilo, lakini ndilo linaloamua kama pesa yako itaingia kwenye karatasi au kwenye nauli. Kwa hiyo nimepanga chaguo hizi nikimfikiria mtu wa Kisumu, Nakuru au Kakamega anayetengeneza kadi za success, mialiko ya harusi na mifuko ya zawadi, ambaye Sh1,000 kwa mwezi ndiyo yote aliyo nayo kwa vifaa. Kigezo changu kikubwa ni hiki: kizito kinunuliwe karibu, chepesi ndicho kitoke mbali.

1. Chama cha karatasi

Nakiweka juu ingawa hakina tovuti wala kasha lililofungwa riboni. Watu wanne au watano wa kazi hii wanachanga kila mwezi, mmoja anaagiza kwa jumla kutoka River Road, Nairobi, mzigo unapanda basi usiku, na kesho yake mnagawana. Mtu mmoja akinunua pakiti ya karatasi 100 za rangi ya maruni, atakaa nazo hadi zipauke. Watano wakinunua pakiti tano, kila mmoja anaenda nyumbani na rangi tano, karatasi 20 za kila rangi, na nauli ya parseli imegawanywa. Anayeagiza asiwe ndiye anayeshika pesa, na risiti ya dukani ipigwe picha siku hiyohiyo. Vyama vingi vimevunjika kwa vitu vidogo kuliko manila, hiyo karatasi ngumu ya kadi.

Kabla ya kulipa, uliza gramu. Muuzaji akisema tu kwamba "hii ni nzito, mama, haina shida," omba mizani. A4 ni sehemu ya 16 ya mita mraba, kwa hiyo hesabu ni rahisi: karatasi kumi za A4 zikiwa na gramu 100 kwenye mizani, hiyo ni karatasi ya 160. Zikifika gramu 125, ni ya 200. Zikifika 150, ni ya 240. Kadi ya kusimama mezani bila kulegea inataka 200 kwenda juu. Chini ya hapo, wakati wa mvua ndefu hewa ya Kisumu inaikunja hata kabla mteja hajaichukua. Ile ya 160 si ya kutupa, inafaa maua, tabaka za juu na vifuko vidogo.

Manila kubwa ndiyo yenye faida zaidi, ilmradi ujue kuigawa. Ikiwa ni A1 kamili, yaani milimita 594 kwa 841, inatoa A4 nane, na kila A4 inatoa kadi mbili za kukunjwa za kipimo cha A6. Manila moja, kadi 16. Lakini si kila manila ya dukani ni A1, nyingine ni ndogo, kwa hiyo nenda na rula. Usiikate nyumbani kwa wembe. Mpelekee mtu wa matbaa mwenye gilotini, akukatie rundo lote kwa mara moja. Mwambie pia unataka mkunjo ufuate nyuzi za karatasi. Ukiipinda manila kidogo kwa pande zote mbili bila kuivunja, upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Ukikunja kinyume chake, rangi inapasuka kwenye mgongo wa kadi, na mteja wa harusi huliona hilo kabla ya jina lake mwenyewe.

Ukiwa hapo kwenye matbaa, uliza mabaki. Vipande vinavyobaki baada ya kukata mialiko na kalenda mara nyingi ni karatasi nzuri kuliko ya dukani, na huuzwa kwa bei ya kutupa au unapewa tu. Sivipi namba kwenye orodha hii kwa sababu huwezi kumwahidi mteja kitu ambacho hujui kama kitakuwapo wiki ijayo. Karatasi ya kaki nayo usiidharau. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 inapatikana kila mahali, na mfuko wa kaki wenye ua moja jekundu la manila unauzika kuliko ule uliojaa glita.

2. Usajili wa violezo, kwa msimu tu

Kiolezo, yaani mchoro ulio tayari wa kuchapishwa na kukatwa, hakina uzito. Faili ya PDF au SVG inafika Kondele, Kisumu, sawa na inavyofika London, haipiti forodha, na unaichapisha mara utakazo. Ndiyo maana usajili wa violezo ndio pekee wa nje ninaoona unastahili pesa ya mtu mwenye bajeti ndogo, na hata huo si wa mwaka mzima. Lipia mwezi mmoja kabla ya msimu: Septemba kwa ajili ya kadi za success za watahiniwa wa KCSE, au Novemba kwa ajili ya harusi na mahafali ya Desemba. Shusha unachohitaji, kisha sitisha. Soma kwanza kama leseni inaruhusu kuuza ulichotengeneza, maana nyingi ni za matumizi ya nyumbani. Ukilipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay au ya benki, andika tarehe ya kujirudia kwa malipo siku ileile unapojiunga. "Mwezi wa kwanza bure" ni bure kwa anayekumbuka.

Kabla hata ya kulipa, maliza vya bure. Canon ina Creative Park, yenye mifano ya karatasi kuanzia wanyama hadi majengo. Na kama una kompyuta, Inkscape ni programu ya bure inayokuwezesha kuchora kiolezo chako na kukihifadhi kama SVG.

Tatizo la violezo huanzia saiba. Vingi vimechorwa kwa karatasi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279, ilhali yetu ni 210 kwa 297. Mashine ikiachiwa itoshee yenyewe, mchoro unapungua karibu asilimia tatu. Kijisanduku kilichochapishwa chote hivyo bado kitafungika, lakini kifuniko cha leo hakitakaa kwenye sanduku la juzi lililochapishwa kwa kipimo kamili. Chagua njia moja na uishikilie. Kwa karatasi ngumu omba itumie trei ya pembeni, isipite ndani kwenye mizunguko. Na wino wa unga ukijaa mahali pa mkunjo utamenyeka, kwa hiyo chagua michoro inayoacha mgongo mweupe, au chapisha mistari tu halafu rangi ije na karatasi yenyewe.

3. Kasha la muuzaji wa Kenya

Wapo wanaouza makasha ya kila mwezi kwa WhatsApp na Instagram, wakituma kwa basi. Ushuru wa kuingiza mzigo ulishalipwa, na kikiharibika kitu unajua nani wa kumpigia. Shida ni kwamba unanunua uchaguzi wa mtu mwingine: stika utakazotumia mara moja, lulu za kubandika, na karatasi sita za maua ambazo hazitoshi mialiko ya watu hamsini. Kwa mtoto anayeanza, au kwa zawadi, sawa. Kwa anayeuza kadi, nunua moja bila kujisajili, kisha uhesabu ni vitu vingapi ungevinunua mwenyewe. Vikiwa chini ya nusu, rudi namba moja.

Kuna karatasi moja ya hapa ambayo ningeilipia zaidi: ile ya mkono inayotengenezwa kwa gugumaji la ziwani. Ina mikwaruzo na hainywi wino sawasawa, kwa hiyo isiwe msingi wa kadi. Kipande cha kiganja kikibandikwa mbele juu ya manila nyeupe kinatosha kupandisha bei.

4. Kasha la ng'ambo

Ni zuri, na ni la mwisho. Chukua mfano wa kasha la dola 30 lenye nauli ya dola 25. Kwa dola ya Sh129, hiyo ni karibu Sh7,100. Forodha ya Kenya huhesabu thamani ikijumlisha na nauli, kwa hiyo VAT ya asilimia 16 peke yake inapita Sh1,100, kabla ya ushuru wenyewe na ada nyingine. Bajeti yako ya mwezi imeisha kwa kodi, na hujagusa karatasi hata moja.

Vipimo navyo havielewani na vyetu. Karatasi za inchi 12 kwa 12 ni milimita 305, hazingii kwenye kikatio cha A4. Kadi ya inchi 5 kwa 7 haingii kwenye bahasha ya C6, hiyo inayotosha A6 yako, na itakubidi utafute C5 ambamo itachezacheza. Uzito umeandikwa kwa ratili, nao unadanganya: ratili 80 ya karatasi ya kadi ni takriban gramu 216, ilhali ratili 80 ya karatasi laini ya vitabu ("text") ni kama 118. Namba moja, karatasi mbili tofauti kabisa.

Mwenye shangazi Marekani anayekuja Desemba ana njia nyingine. Asimwombe karatasi. Amwombe nyembe za kikatio, mihuri ya mpira na vitoboleo vya maumbo, vitu vidogo vinavyoingia kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku na kukaa miaka.