Viatu vya kuvaa kwenye mawe ya Ssese: nimejaribu aina tatu, huu ndo uzoefu wangu

Wale mnaopanga kwenda visiwa vya Ssese, kule Ziwa Victoria upande wa Uganda, ukiambiwa mtapelekwa "bichi" kwa boti uliza kwanza bichi ya mchanga au ya mawe, halafu uliza boti inafika gati au mnashukia majini. Mi sikuuliza hata moja na nimelipia kwa mguu wangu, kucha ya kidole gumba imeota upya juzi juzi tu.

Tulienda Disemba, watu 14 wa chama chetu cha akiba pamoja na mama yangu mdogo aliyekuja kutoka Arua, ana miaka 61 na alikuwa hajawahi kupanda feri. Tulipandia Nakiwogo pale Entebbe, MV Kalangala inaondoka saa nane mchana na mpaka ufike Lutoboka kisiwani Bugala ni kama masaa matatu na nusu. Safari yenyewe ilikuwa tamu sana, upepo mzuri, mama mdogo alikaa nje muda wote anaangalia maji na kuniuliza kile kisiwa kinaitwaje, na kile, na kile, visiwa vya Ssese ni 84 sasa mi nitavijulia wapi vyote. Lutoboka mchanga upo, mweupe, unatembea miguu mitupu bila wasiwasi. Kwa hiyo kesho yake waliotupangia safari waliposema tunazungushwa visiwa vidogo kwa boti na tutashuka bichi moja nzuri, kila mtu akajua ni mchanga uleule.

Kumbe ni mawe. Mawe tupu, makubwa kama magunia ya mkaa, katikati yake madogo ya mviringo yanayobingirika ukikanyaga, na yale yaliyo karibu na maji yana ukoga wa kijani ambao ukiwa juu ya boti hata huuoni. Dereva wa boti akazima injini akasema mbele hapendi kusogea, pangaboi itagonga mwamba, shukeni hapa. Maji ya magotini. Sasa hapo ndo kiatu chako kinajulikana ni kiatu au ni pambo.

Nilikuwa nimevaa sapatu (ndala) za kawaida, zile za shilingi 5,000 ambazo kila nyumba ziko mlangoni. Hatua ya kwanza sawa. Hatua ya pili wimbi dogo tu likaja kwa nyuma, likaingia kati ya unyayo na soli, sapatu ikazunguka ikaja pembeni ya mguu, na kidole gumba kikaingia moja kwa moja kati ya mawe mawili. Nimefikiria sana baadaye kwa nini ilikuwa vile. Sapatu inashikwa na vidole viwili basi, ukiwa majini lazima ukunje vidole kuizuia isiende, na ukishakunja vidole unyayo hautandi tena juu ya jiwe, unasimama kwa kisigino na ncha za vidole, mwili unayumba. Ya kushoto ilitoka ikaelea, kijana mmoja wa boti akaikimbilia. Mi nilikuwa nimeshikilia bega la mtu, damu inatoka kwenye kucha, na hapo hata ufukweni sijafika.

Kwenye begi nilikuwa na viatu vya maji, vile vya kitambaa kinachovutika kama soksi na soli nyembamba ya mpira, nilinunua vipya duka moja mjini Kampala shilingi 45,000. Nikakaa juu ya jiwe nikavivaa. Niseme ukweli, kwa kushika vilishika. Ule mpira ni laini, unalala juu ya jiwe lenye maji na hauteleze ovyo, na maji yanatoka haraka kupitia kile kitambaa cha wavu. Kama mahali ni mchanga wenye mawe machache hapa na pale, au unaogelea na kupanda mwamba mmoja, vinafaa kabisa. Ila kwa kutembea juu ya mawe nusu saa, banange! Kila kokoto unaihesabu. Soli ni nyembamba kiasi kwamba jiwe lenye ncha linakuja mpaka kwenye mfupa wa unyayo, unaanza kutembea kama mtu anayekanyaga makaa, na vidole mbele havina kinga yoyote, kile kidole changu kilichoumia kiligonga tena mara mbili. Halafu kama dakika arobaini hivi nikasikia kitu kinapiga pap pap, kuangalia chini, gundi imeachia mbele, soli imefunguka kama mdomo wa samaki ngege.

Niliporudi mjini nikavipeleka dukani. Jibu nililopewa ni kwamba haviwezi kurudishwa kwa sababu vimeingia majini. Viatu ameniuzia kama vya majini, kwenye boksi kuna picha ya mawimbi, halafu kosa langu ni kuviingiza majini. Hilo liliniuma kuliko kidole. Elfu 45 kwa mtu wa kipato changu ni pesa ya siku kadhaa.

Sasa mama mdogo. Yeye alivaa lugabire zake za tairi la lori, alizivaa kutoka Arua na kwenye feri vijana wa chama walikuwa wanamtazama miguu. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, jiwe halijui bei ya kiatu." Na kweli alitembea vizuri juu ya yale mawe makavu kuliko sisi wote, soli nene, imara, na ina mkanda wa nyuma kwa hiyo haitoki. Kuna mahali wavuvi huwa wanatengenezea nyavu zao, tukapita, yeye akahisi kitu kimegusa. Akainua mguu tukaangalia: ndoano ya kuvulia mputa (sangara), kubwa, imezama kwenye tairi mpaka kwenye ule mkunjo wake na ncha haijatokea upande wa ndani. Dereva wa boti aliitoa kwa koleo, akavuta kwa nguvu, ikatoka na kipande kidogo cha mpira. Nikaangalia vile viatu vyangu vya kitambaa nikanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, kama si yeye kutangulia ile ingekuwa ndani ya mguu wangu, na kutoka pale mpaka kituo cha afya cha Kalangala si karibu.

Ila lugabire nazo zina lake. Tairi ni mpira mgumu, na za mama zilikuwa zimetumika miaka zimeisha mistari yote chini, laini kama sahani. Kwenye jiwe kavu hakuna shida, kwenye ukoga zilimwachia. Wakati wa kurudi kwenye boti aliteleza akakaa chini kwa nguvu, namshukuru Mungu hakuvunjika kitu, alichubuka tu kiganja. Kwa mtu wa umri wake ule ni mwanguko wa kuogopa na mimi moyo ulinisimama. Tena misumari ile inayoshika mikanda ikilowa na kukauka mara nyingi inapata kutu, mkanda unaachia siku usiyotegemea. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu avae lugabire zilizoisha kwenda mawe yenye maji, hata kama ni imara namna gani.

Pasaka tukapanga kurudi, na safari hii nikasema lazima nitafute kiatu sawasawa. Nilienda soko la Owino pale Kampala, kwenye mivumba (mitumba), jioni, maana miguu jioni huwa imevimba kidogo na ukinunua asubuhi kiatu kinaweza kukubana baadaye. Nilizunguka kama saa nzima. Nilichokuwa nataka nilikuwa nakijua sasa: mkanda nyuma ya kisigino, vidole vimefunikwa mbele, matobo pembeni ya kutolea maji, na soli ambayo ukiikunja inakunja pale vidole vinapokunja tu, siyo katikati. Ikikunja katikati kama chapati ujue utasikia kila jiwe.

Nikapata sandali moja ya michezo, ya kahawia, mbele ina kinga nene ya mpira, mikanda mitatu ya velkro, chini ina mistari mingi midogo midogo iliyokatwa kwenye mpira. Muuzaji akaniambia 50,000. Nikamwambia ssebo mi nataka kuijaribu na maji. Akanitazama, halafu akachukua kidumu chake akamwaga maji kwenye saruji laini pale mbele ya kibanda. Nikavaa mguu mmoja, nikasimama na uzito wote, nikasukuma mguu mbele kama nataka kuteleza. Haikwenda. Nikavaa nyingine ya aina tofauti iliyokuwa pembeni, nzuri kwa macho, mpya kabisa na soli yake ni ile ya povu gumu jepesi, nikafanya vilevile, ikaenda mbele vuup nikashikilia nguzo. Yule muuzaji mwenyewe alishangaa, akasema nnyabo hiyo ndo watu wananunua sana. Kuna njia nyingine ya haraka kama hakuna maji, bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba: ikiingia kidogo na kurudi huo ni mpira laini, una nafasi ya kushika, ukucha ukiteleza juu kama kwenye beseni achana nayo. Tukamalizana 35,000. Kabla ya kulipa kagua gundi pande zote, vuta mikanda kwa nguvu, maana mivumba ni mivumba, mpira uliokaa sana unapasuka na kuwa mgumu hata kama kiatu kinaonekana kipya.

Pasaka tulikuwa juu ya yale mawe karibu masaa mawili. Nilishuka magotini kama mara ya kwanza, wimbi likapiga, kiatu kikabaki mguuni. Nilivuka ule ukoga polepole, unyayo wote chini, na niliteleza mara moja tu, kidogo, nikasimama. Hakuna kiatu kinachoshika ukoga asilimia mia, msidanganywe, bado unachagua jiwe lililo kavu na unaweka mguu bapa, huruki. Lakini vidole viligonga mawe mara nyingi na sikusikia maumivu, ile kinga ya mbele ndo ilinifanya nifurahie siku nzima, nikaweza kuinua kichwa na kuangalia ndege badala ya kuangalia miguu.

Ubaya wake upo. Kokoto ndogo zinaingia kupitia matobo na hazitoki zenyewe, nilikaa chini kama mara nne kuzitoa. Mikanda ikilowa inalegea, ikaze tena ukishatoka majini la sivyo kisigino kinacheza na unapata malengelenge. Siku ya pili nilivaa na soksi nyembamba za nailoni, ikawa nafuu sana. Za pamba usivae, zinakaa na maji siku nzima. Na kukauka ni taratibu, nilizianika usiku kucha pale lodji na asubuhi bado zilikuwa na unyevu, kwa hiyo beba na kitu kingine cha kuvaa kwenye feri, hapo ndo sapatu zina kazi yake.

Mmoja wetu alikuja na gambuti akidhani ni akili, na mimi naomba mtu yeyote asifanye hivyo. Maji yakiingia kwa juu gambuti inajaa, mguu unakuwa mzito kama jiwe na ukianguka kuamka ni kazi. Raba za kitambaa za kufunga kamba zinasaidia kidogo kama huna kingine, ni bora mara kumi kuliko sapatu. Vile viatu vya plastiki laini vyenye matobo ambavyo manesi wanavaa, sijavijaribu majini, ila dada mmoja wa chama alikuwa navyo na vilimtoka bila ule mkanda wa nyuma, alipouteremsha vikatulia.

Na kuna jambo moja nataka lisichanganywe. Watu wawili waliniuliza kama viatu vya maji vinazuia kichocho. Havizuii. Vile vidudu vinavyotoka kwa konokono vinaingia kupitia ngozi popote maji yalipogusa, mguu, goti, mkono, na kiatu cha matobo kinaingiza maji. Konokono wale wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, kwa hiyo bora ushukie kwenye mawe ya wazi kuliko kwenye majani, usikae majini muda mrefu, jifute na taulo mara moja, halafu nenda kapime kliniki baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo, praziquantel, na inatibu. Mimi nilipima, na mama mdogo nikamlazimisha apime huko kwao Arua.

Kwa alama zangu: sapatu 1 kati ya 5 kwa mawe, viatu vya maji vya soli nyembamba 2 na nusu, lugabire zenye mistari mizima ningezipa 3, zilizoisha ni 1, sandali ya michezo iliyofunikwa mbele 4 na nusu, hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya kokoto.

Mama mdogo kanipigia simu jana, anataka twende tena Agosti na kasema nimtafutie za kwake, saizi 39, zisiwe na rangi ya kelele. Jumamosi jioni naenda Owino na chupa yangu ya maji.