Amenirdis wangu wa alabasta: jiwe safi, kichwa cha mwingine

Nilimtaka Amenirdis. Kleopatra na Nefertiti wamejaa kila rafu ya ukingo wa magharibi wa Luxor, Misri, na kila mwenye duka aliponiona alinipa mmoja wao: "Malkia, malkia!" Mimi malkia sikumtaka, nilimtaka kuhani. Siku mbili kabla nilikuwa Cairo, makumbusho ya Tahrir, mbele ya sanamu yake halisi ya alabasta iliyofukuliwa Karnak mwaka 1858, na miguu ilikataa kuondoka. Ni binti wa Kashta, mfalme wa Kushi (Sudan ya leo), aliyepewa huko Thebes, Luxor ya kale, cheo cha "Mke wa Mungu" wa mungu Amun, yaani kuhani wake mkuu wa kike. Hakuolewa na mtu. Mrithi wake alimpata kwa kumwasili Shepenwepet wa Pili, binti wa kaka yake Piye.

Basi nikaingia karakana moja ya alabasta, nikamwonyesha fundi picha kwenye simu. Alianzia pauni 3,000, tukaelewana 1,700, nisubiri siku nne.

Kwenye jiwe sina neno. Niliwasha tochi ya simu nyuma yake, mwanga ukapenya mabegani wa rangi ya asali. (Sanamu bandia za gundi na unga wa mawe hazipitishi kitu, ni nyepesi, na ukipapasa ubavuni unakuta mstari wa kalibu.) Mshipa wa kahawia unashuka kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, na fundi ameuacha ufuate gauni lile la kubana kana kwamba alilipima nalo. Fimbo ya ua iliyo kifuani imekuwa nene kama mchi, lakini hilo nalisamehe. Jiwe jembamba huvunjika.

Kichwa, sasa. Halisi amevaa wigi lililofunikwa na mbawa za tumbusi, juu yake duara la swila. Wangu kavikwa taji refu la Nefertiti! Picha ilikuwa mkononi mwake. Kumuuliza, akasema wateja wanalipenda hilo. Tumbusi ni wa mungu Mut, mke wa Amun; ukimwondoa, huyu mwanamke umemfuta kazi.

Jina nalo ni kichekesho. Hawa wake wa mungu waliandika majina yao ndani ya duara refu kama mafarao. Fundi akaanza vizuri: unyasi, ubao wa mchezo, mawimbi ya maji. Alama hizo tatu husomeka "Amun", mwanzo tu wa Amenirdis. Nafasi ikaisha. Kwa hiyo nimenunua mwanamke anayeitwa Amun.

Nilimbeba hadi Medinet Habu, eneo la mahekalu ya kale, kwenye hekalu dogo la mawe alilojengewa Amenirdis mwenyewe, nikapiga picha za ukutani kwa karibu, nikarudi karakana. Mzee mmoja, si yule wa kwanza, alitazama picha kimya, akachukua tupa na kulikata taji hadi likabaki duara fupi. Nusu saa, bila senti. Tumbusi hakuweza kumrudisha, kwani jiwe likishatoka halirudi, ila alimchora manyoya machache pembeni mwa wigi.

Nyota tatu na nusu, na ile nusu ni ya mzee. Ukienda, beba picha zilizochapishwa, za mbele, ubavuni na kisogoni, na fundi akifika shingoni vuta kiti ukae.