Kulala bure kwenye National Forest za Marekani: nyota nne, moja nimeibania

Wadau mlioko Marekani mnaotaka kutoka mjini wikendi bila kuumia mfukoni, hii ni yenu. Naongelea misitu ya umma inayoitwa National Forest, sio National Park, maana watu wanazichanganya sana halafu wanashangaa masharti hayafanani. National Forest ziko chini ya Forest Service, ambayo ni ya Idara ya Kilimo tangu 1905, na ziko 154, jumla yake ekari karibu milioni 190. Park ni idara nyingine kabisa na kulala kule ni mpaka kiwanja kilichotengwa au kibali. Msituni sehemu kubwa hakuna hata geti, unaingia na barabara ya vumbi na hakuna anayekuuliza unaenda wapi.

Njia za kulala ni tatu, na mimi naipigia debe ya pili, ila twende taratibu.

Kwanza kambi rasmi. Kila kiwanja kina namba, meza ya mbao na benchi zake, duara la chuma la kuwashia moto, na choo cha shimo kisicho na maji, kuhusu harufu sitasema kitu ila toilet pepa beba yako. Maji ya bomba mengine yapo mengine hayapo, soma maelezo ya kambi yenyewe kabla hujaondoka. Buking inafanyika Recreation.gov na kambi nyingi zinafungua miezi 6 kabla, kwa hiyo zile za kando ya ziwa ukianza kutafuta Juni kwa ajili ya Julai unakuta watu walishamaliza zamani.

Ila zipo zisizobukiwa, anayewahi ndo anapata, na hizi nazipenda zaidi. Unazunguka na gari polepole unachungulia nguzo za viwanja, yenye karatasi imebanwa ina mtu, tupu ni yako. Unapaki, unarudi pale penye ubao wa matangazo unachukua bahasha, unaandika namba ya kiwanja, pleti namba ya gari na siku utakazokaa, unatia hela, unachana kile kipande cha pembeni, bahasha unaitumbukiza kwenye bomba la chuma lenye mdomo mwembamba kama wa sanduku la kura, kipande unaenda kukibana kwenye nguzo yako. Basi. Beba noti ndogondogo maana lile bomba halirudishi chenji.

Na hapa wengi wanajichanganya: ile kadi ya mwaka ya America the Beautiful haikulipii kiwanja cha kulala, ni ya kiingilio na matumizi ya mchana kwenye park na maeneo mengine ya serikali kuu. Wanaopata nusu bei kwenye kambi nyingi ni wenye kadi ya wazee, kuanzia miaka 62, na ya wenye ulemavu, na lazima uwe raia au mkaaji wa kudumu. Kwa hiyo kama mzee wako ana grini kadi na umri umefika, mchukulie hiyo kadi halafu nendeni naye, mwenye kadi lazima awepo, sio umuachie nyumbani uondoke na kadi.

Kinachoniudhi kambi rasmi ni majirani. Kuna kambi moja, jina naliacha, jirani alikuja na linyumba la magurudumu akawasha jenereta kuanzia jioni, akaizima saa 4 usiku kasoro dakika chache. Kisheria hana kosa, maana muda wa ukimya kwa kawaida unaanza saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, lakini aisee, mtu unatoka mjini kukimbia kelele unaikuta imekutangulia msituni imepaki pembeni yako.

Ndo maana nasema njia ya pili, kambi huria, yaani unalala nje ya kambi rasmi, bure, bila buking na mara nyingi bila kibali chochote. Unafuata barabara ya vumbi mpaka unaona sehemu ambayo watu walishalala, udongo umeshindiliwa mgumu na kuna mawe yamepangwa mduara meusi kwa moshi. Lala hapo hapo. Usifungue eneo jipya kwenye majani mabichi eti kwa sababu lina vyuu nzuri, na usipange mduara mwingine wa mawe wakati upo wa zamani. Juu angalia pia, mti mkavu uliosimama unaweza kudondoka upepo ukija, na hema halizuii gogo.

Faida yake huwezi kuielezea vizuri mpaka ulale, mnaweza kukaa usiku mzima mkasikia upepo tu. Lakini hamna choo, hamna maji, hamna pipa la taka, na netiwaki usitegemee. Kila kitu kinaingia na wewe na kinatoka na wewe, hata maganda ya machungwa. Choo unachimba kashimo ka sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mbali na maji na mbali na njia kama mita 60 hivi, unafukia vizuri, na toilet pepa unatoka nayo kwenye mfuko. Najua hapo nimepoteza nusu ya wasomaji. Sawa tu, ila wanaoacha karatasi zinapeperuka vichakani ndo wanaosababisha sehemu kufungwa, na ikifungwa inafungwa kwa wote.

Milimani hata Julai usiku baridi inapiga kweli kweli. Asubuhi unakuta hema limelowa kwa ndani, sio mvua, ni pumzi zenu wenyewe, ukigusa kitambaa matone yanakudondokea shingoni. Fungua matundu ya juu hata kama unaona unapoteza joto, na chini ya begi la kulalia weka mkeka mzito, baridi ya ardhini ni mbaya kuliko ya hewani.

Masharti sasa. Kikomo cha kukaa kwa kawaida ni siku 14, misitu mingine wamepunguza, na kuhamia hapo mazima kama makazi ni marufuku. Gari linapita pale tu ambapo ramani ya magari inaruhusu, wanaiita MVUM. Ni ramani mbaya kuiangalia, nyeusi na nyeupe, haina urembo wowote, lakini ndo sheria yenyewe: barabara ambayo haijachorwa pale huendeshi hata kama unaiona kwa macho yako na ina alama za matairi. Vile vidoti vidogo pembeni ya barabara ndo vinakwambia hapa unaweza kutoa gari pembeni ukalala, na umbali wa mwisho umeandikwa kwenye jedwali. Inapatikana bure, ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini. Na usidhani kila msitu uko huria kote, mfano Coconino kule Arizona, ukiwa maeneo ya Sedona kuna sehemu kubwa hulali popote isipokuwa pale palipotengwa, watu walizidi.

Moto ndo sharti linalobadilika kuliko yote, wiki hii ruksa wiki ijayo marufuku. Kiangazi kikikolea wanaweka makatazo kwa hatua, ya kwanza kwa kawaida inabakiza moto kwenye maduara ya chuma ya kambi rasmi tu, kwa hiyo wa kambi huria mmeshatoka, ya pili moto wa kuni hakuna popote. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzima mara nyingi bado linaruhusiwa, kwa hiyo mimi kuni nimeshaacha kuzitegemea kupikia, jiko dogo la gesi na yameisha. California hata hilo jiko ukiwa nje ya kambi rasmi linahitaji kibali cha moto, ni bure na unakichukua mtandaoni. Kuzima moto ni maji mengi, koroga, maji tena, mpaka uweke mkono usisikie joto, sio kumwagia kikombe kimoja cha chai halafu unapanda gari.

Kuni usisafirishe kutoka mbali, nunua jirani na unapolala au okota zilizokauka chini kama wanaruhusu. Kuna mdudu wa kijani anaitwa emerald ash borer, aligundulika Michigan 2002, amemaliza mamilioni ya miti ya ash na njia mojawapo anayosafiria ni buti za magari ya watu wanaobeba kuni za nyumbani.

Dubu pia. Chakula, dawa ya meno, sabuni, chochote chenye harufu hakilali hemani. Misitu mingine ina amri kabisa ya jinsi ya kuhifadhi chakula, na sehemu za Inyo kule California lazima uwe na mkebe mgumu wa kubebea chakula ambao dubu hawezi kuufungua. Faini ipo.

Njia ya tatu ni yale mapori yaliyolindwa kwa sheria ya 1964, wilderness, unatembea kwa miguu na mzigo mgongoni, hata baiskeli hairuhusiwi. Sina mengi ya kusema kwa sababu ni mchezo mwingine, ila sehemu maarufu kama Enchantments kule jimbo la Washington na njia ya mlima Whitney kule California kulala ni bahati nasibu, unaomba miezi kabla na wengi wanakosa.

Nyota niliyoibania ni ya taarifa. Kila msitu una tovuti yake, kila wilaya ya msitu ina amri zake, mengine yako kwenye pidiefu ya kurasa kibao, mgeni atajuaje. Dawa ni kupiga simu ofisi ya ranja, yaani msimamizi wa msitu wa eneo lile, siku moja mbili kabla, uliza moto, uliza barabara kama iko wazi, uliza maji. Wanajibu vizuri na wanakutajia sehemu ambazo huzikuti popote. Ukiwa na watoto wadogo anza na kambi rasmi katikati ya wiki, jenereta zinapungua, halafu huria ifuate wakishazoea kulala chini.

Na nyie wa Colorado na California, najua mnajijua: bangi ikiruhusiwa na jimbo msituni bado ni kosa, ile ardhi ni ya serikali kuu. Msije mkasema hamkuambiwa.