Mkandaji wa mtaani au fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), mgonjwa wa kiharusi umpeleke kwa nani?

Hapa Kenya watu wanawaweka hawa wawili kapu moja na inaniuma sana. Mkandaji ujuzi wake mara nyingi ni wa kurithi, mikono mizuri kweli, anachua na mafuta unasikia raha, bei mnaelewana na anakuja hadi nyumbani. Fizio amesomea, diploma ya KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni miaka 3, digrii miaka 4, halafu lazima awe na leseni ya baraza lao lililoundwa na sheria ya 2014, kwa hivyo muulize tu akuonyeshe.

Ila tofauti yenyewe iko kwa mgonjwa. Kwa mkandaji unalala unafanyiwa, fizio anakufanyisha kazi: mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, ainuke, akae, ainuke tena, maana ubongo unajifunza kwa kurudiarudia. Na lile bega la upande uliolegea, fizio hataki mtu alivute hata mkimvisha nguo, linachomoka kirahisi. Misuli imechoka na shamba? Mkandaji sawa. Kiharusi nasema fizio, tena mapema, daktari akisharuhusu tu.